Mama, Ile Huzuni Imetoka

Mama yangu,

Ile huzuni yetu imetoka. Ningekuwa nakwambia hivi uso kwa uso ungeuliza, "Imetoka ngapi?" Mimi ningeanza kukueleza upya, nawe ungenisikiliza mpaka mwisho kisha useme hukufahamu kitu. Basi leo nakueleza kwa maandishi, kwa sababu nimekasirika, na hapa Jeddah sina tena wa kumkasirikia mbele yake akanivumilia. Baba Salma akiniona nimeanza tu, anachukua funguo za gari.

Unaikumbuka siku matokeo ya skuli yalipotoka. Salma alikuja mbio chumbani kwako na simu mkononi: tisini na nane kwa mia, mwaka wa mwisho, mjukuu wa watu walioingia mji huu hawana hata godoro. Wewe ulikuwa umekaa kitandani unamngoja akupime presha, maana hiyo ilikuwa kazi yake kila asubuhi. Ukamwambia, "Tisini na nane? Hizo mbili tumewaachia wenyewe." Wallahi tulicheka mpaka ukapaliwa. Halafu ukashika simu, ukapiga Unguja, ukampigia Kaka Nasoro Riyadh, na kote ukisema neno moja tu: tumepata daktari. Siku ile ile ukataka visheti. Mimi nakaanga, wewe umekaa kitini unanigombeza kwamba shira nyepesi.

Nilijaribu kukutuliza. Nikakwambia, Mama, ngoja kwanza, bado mauzuna haijatoka. Ukakunja uso. "Huzuni? Mtoto kapasi, huzuni ya nini tena?" Nikasema si huzuni, ni mauzuna, Kiarabu hicho, yaani alama zilizotiwa kwenye mizani. Ukajibu kwamba mtoto wako wampime watakavyo, hatapungua. Tangu hapo kila siku ikawa, "Ile huzuni yenu haijatoka tu?" Salma alilipenda neno lile, akawafunza hata wenzake wa darasani, na Waarabu watupu nao wakawa wanaulizana huzuni yako ngapi.

Sasa nisikilize, na leo usinikatize. Ile tisini na nane hawaichukui yote. Wanakata kipande chake. Kipande cha pili wanakikata kwenye mtihani wa kudurati, ule wa mafumbo ya maneno na hesabu. Cha tatu kinatoka kwenye tahsili, mtihani wa fizikia, kemia, baiolojia na hesabu za miaka yote ya sekondari, kwa mkao mmoja. Wanajumlisha vile vipande, inatoka nambari mpya, na hiyo ndiyo mauzuna. Kisha majina yanapangwa kutoka juu kushuka chini, na nafasi za udaktari zikiisha, zimeisha.

Kudurati unaijua, si ndiyo ile aliyokuwa akijifunzia kwako? "Bibi, daktari na mgonjwa ni kama mwalimu na nani?" Nawe ukamjibu, "Na daktari huyo huyo. Kwani mwalimu haugui?" Alicheka siku nzima. Lakini kwenye mtihani wenyewe hapakuwa na kicheko. Maswali yanakimbia, saa inakimbia, na Salma wetu unamjua, swali likimshika haliachi mpaka alimalize. Akapata themanini na sita. Na tahsili, Mama, iliangukia wiki ile ile tuliyokuzika. Nilimwambia asiende, akasema ulimuusia aende. Akaingia na macho yamevimba, akatoka na themanini na nne. Nimeitafuta sana kwenye mizani yao sehemu ya kuandika kwamba mtoto huyu kafiwa na bibi yake, sijaiona.

Basi huzuni ikatoka themanini na nane na vipande. Chuo cha hapa Jeddah udaktari wao mwaka huu umeishia kwenye tisini. Hanan, mtoto wa jirani, yule aliyekuwa akija Salma amsomeshe kemia juu ya zulia lako, skuli alipata chini ya Salma, lakini kudurati aliipiga vizuri, na kaingia. Salma alimkumbatia kwa furaha ya kweli. Mimi nilimpongeza kwa mdomo, kisha nikaingia jikoni kugombana na masufuria. Asubuhi yake nikaenda mpaka ofisi ya usajili. Bibie wa pale alinisikiliza kwa adabu, akatazama kompyuta yake, akasema, "Halas, mama Salma. Mauzuna ndiyo hiyo." Halas! Miaka kumi na miwili ya skuli mtu anakufungia kwa neno moja na tabasamu.

Sasa hapa ndipo damu iliponichemka. Kaka Nasoro akapiga simu kutoka Riyadh. "Dada, huku kuna chuo mizani yake mbali. Skuli wanaikatia kipande kikubwa. Hebu fanyeni hesabu." Tukafanya. Tisini na moja, na huko udaktari unaingia! Mtoto yule yule, Mama. Karatasi zile zile, hakuongeza hata nukta. Jeddah mwepesi, Riyadh mzito. Muuza samaki angekufanyia mchezo huo na mizani yake ungemrushia samaki wake usoni, na watu wangekuunga mkono. Lakini hawa wamevaa vizuri, wana tovuti, basi sote kimya.

Nasoro akasema, "Mleteni. Chumba kipo, wifi yako keshatandika." Mimi sikutaka. Nitakwambia ukweli wote, sikutaka kabisa. Chumba chako bado sijakiweza, napita mlangoni nikitazama upande mwengine. Na sasa wanichukulie na huyu, wa pekee, eti kwa sababu watu wa Jeddah wanakata vipande vyao hivi na wa Riyadh vile? Salma aliniona. Akaja akakaa karibu yangu, akasema taratibu, "Mama, ukisema nikae, nakaa. Nitasoma kitu chengine hapa hapa." Na alikuwa hanitegi, angekaa kweli. Nilitaka kusema kaa. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

Nikakukumbuka wewe na ile simu yako. Tumepata daktari, Unguja nzima, na Riyadh juu yake. Nani angewapigia simu tena wale watu wote kuwaambia daktari hayupo? Nikamwambia nenda, na nikasema haraka kabla sijajigeuza.

Juzi tukampeleka uwanja wa ndege. Na huko nako, unajua nini? Mizani! Begi limezidi. Kijana wa pale anatuambia yalla, toeni kitu, watu wanangoja nyuma. Nikamwambia hebu ngoja, familia hii imeshapimwa vya kutosha mwaka huu. Hakufahamu. Salma akapiga magoti, akafungua begi, akatoa viatu, akatoa mikoba, akatoa bati la visheti nilivyomkaangia, shira nzito safari hii. Kilichobaki chini kabisa, kimefungwa kwenye kanga yako, ni ile mashine ya presha. Nikamwambia hiyo nayo iache, Riyadh zipo. Akaifunika vizuri, akafunga zipu.

Alipofika pale ambapo sisi haturuhusiwi kupita, akageuka. Macho mekundu, lakini anacheka, kwa ukaidi ule ule wako. Akaita kwa sauti, mbele za watu, "Mama! Huzuni yako ngapi?"

Baba yake akaniangalia, asijue nitajibu nini. Nikamjibu Salma, "Mia kwa mia, mwanangu. Na hii hawaikati kipande."

Mimi hapa, visheti vyake vimebaki mezani, sivili wala sivitoi. Umwombee huko uliko, umwombee na kwa Kiarabu chako cha sokoni.

Mwanao wa mwisho,
mama yake daktari, kwa mizani ya Riyadh