Moshi wa Jiko Tupu

Jumatatu, 3 Februari 1986

Maharage yameiva! Sijachochea ukuni hata mmoja. Asubuhi nimeyaweka kwenye boksi la jua, nimekwenda kufundisha, narudi saa saba — laini kabisa. Na boksi lenyewe ni mbao za fundi Pastory, kioo cha dirisha na karatasi zinazong'aa za maboksi ya chai, basi. Sufuria nimeipaka masizi, weusi unavuta joto.

Tereza wiki ya tatu hii hajabanwa kifua. Ana miaka mitatu tu mwanangu. Daktari wa Musoma alisema wazi: pumu hiyo, asikae kwenye moshi.

Jumatano, 5 Februari

Mawingu tangu saa nne. Saa tisa viazi bado vinagoma! Nimechoka kutazama juu. Ugali ndiyo kabisa, ukifunua usonge, joto lote linakwenda zake. Nimesonga nje kwa moto wa vijiti, Tereza nikampeleka kwa jirani yangu Boke.

Boke kanipa umbea, huku anacheka. Eti Suguti nzima wanasema Mwalimu hapikagi. Mwezi mzima paa la jiko halitoi moshi, mumewe Felisian akija kutoka kazini Musoma anakulaga nini? Nikacheka na mimi. Sikufurahi hata kidogo.

Ijumaa, 7 Februari

Mama mkwe kafika kutoka Butiama. Bila taarifa! Hajakaa vizuri keshaingia jikoni, kashika majivu. Baridi.

"Mama Tereza, hapa mnakulaga wapi?"

Nimemwonyesha boksi. Kalizunguka, kaguna. Baadaye kasema kwa upole — na upole wake ndio naouogopa — kama kazi ya shule imenizidi, Jumatatu ataondoka na mjukuu wake. Kwake moto hauzimikagi. Mungu wangu, si ndio moshi huo huo! Nimemweleza habari ya pumu. Anasema Felisian naye alikohoaga utotoni, akakua, kuna nini?

Felisian anakuja kesho. Mama yake akisema, yeye ananyamaza. Namjua. Mtoto wangu simtoi! Nimeandika, lakini nitamwambiaje mama mkwe?

Jumamosi, 8 Februari

Jua kali, afadhali. Samaki wawili, sato, wako kwenye boksi tangu saa tatu, na nyanya, na kitunguu. Mama mkwe kaenda kusalimia ndugu zake, saa saba anarudi nao kula. Watapita njia ile ya juu. Wataangalia paa, najua wataangalia tu.

Nimeingia ndani, nimetoka, nimeingia tena. Mwisho nimempeleka Tereza kwa Boke, nikawasha moto jikoni. Sijateleka kitu. Nimerundika majani mabichi, moshi ukapanda juu ya nyasi za paa, mwingi, mweupe. Waone! Nimekaa hapa chini ya ukuta naandika, nacheka peke yangu. Aibu kidogo ipo. Lakini waone.

Jumamosi hiyo hiyo, saa kumi. Dispensari.

Daftari nimelikuta kwenye kikapu, sijui nimelibebaje.

Tereza alimponyoka Boke. Kaja kunitafuta, kapita mlango wa nyuma, moja kwa moja jikoni. Mimi niko upande wa pili nasubiri wageni! Mama mkwe kaingilia nyuma, anachungulia boksi, ndiye aliyemsikia. Kamtoa mtoto midomo imebadilika rangi, kifua kinapiga miluzi. Kamfunga mgongoni mwenyewe, kakimbia. Mzee yule! Mimi nyuma bila viatu.

Amechomwa sindano. Anahema juu juu. Nesi anasema tusubiri. Felisian bado.

Mama mkwe tuko naye benchi moja. Nikadhani atagomba, heri angegomba. Sasa hivi ndiyo kageuka, kaniuliza polepole, kama mtu ambaye kweli haelewi:

"Mama Tereza, samaki nimewaona kwenye boksi, wameiva. Kule jikoni ulikuwa unapika nini?"

Nimeinama naandika. Bado ananitazama.