Nambari sita

Ijumaa, mwezi wa saba. Baridi ya Sumbawanga leo haina adabu. Upepo unavuma tangu alfajiri, nami nimekaa ofisini chuoni na kanga mbili juu ya sweta, naandika haya kabla mlinzi hajaja kufunga geti.

Leo ilipaswa kuwa siku yangu.

Miaka mitatu nimeomba, nimebembeleza na nimewaudhi watu ili tuwe na jumuiya ya wasomi wanaochunguza maisha ya askari wastaafu. Tulianza wawili, mimi na mwalimu mwenzangu Zeno anayefundisha historia, na meza moja yenye mguu mbovu. Leo ukumbi wa parokia ulijaa. Walikuja walimu kutoka Mbeya, muuguzi wa hapa mjini, hadi padre anayetunza kumbukumbu za parokia. Wazee watatu waliopigana Vita vya Kagera walikaa mbele na makoti yao mazito. Tulipiga kura, jumuiya ikazaliwa, nikachaguliwa mwenyekiti. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Sasa acha niseme ukweli.

Baba yangu naye alipigana Kagera. Aliondoka kijijini kwetu Msanzi akiwa mgambo, kijana mbichi, akarudi akalima mahindi na ulezi mpaka alipofariki mwezi wa tatu mwaka huu. Mimi bintiye, mtaalamu wa askari wastaafu, sikuwahi kumhoji.

Nilikuwa na sababu, tena ya maandishi. Kanuni ya nne ya kundi letu inasema mtafiti hahoji ndugu yake, wala haambiwi ndugu yake alisema nini. Niliiandika mwenyewe. Nilisema ndugu hudanganyana kwa upendo, na wenzangu wakaona nimesema la maana. Kwa hiyo mwaka jana Zeno ndiye aliyekwenda Msanzi na kinasa sauti, na baba akapewa nambari kama wazee wengine. Nambari ipi, sikujua. Nilijivunia kutojua.

Juzi Zeno alikuja na karatasi za kusomwa leo. Akasita mlangoni.

"Dada Ana, hii ya nambari sita naona niitoe."

"Ina kasoro?"

"Haina. Ndiyo nzuri kuliko zote."

"Sasa unaitoa ya nini? Isome."

Alinitazama kidogo, akakunja karatasi yake, akaondoka. Zeno ni mtu wa kushika kanuni. Nilimfundisha mimi.

Leo akaisoma. Mzee nambari sita anasema kule vitani walikuwa kumi na wawili waliokula kutoka sufuria moja. Jioni moja chakula kikapakuliwa cha wote, wakarudi tisa. Hakuna aliyeweza kukila kile kilichobaki, wala kukimwaga. Tangu siku hiyo, anasema, hawezi kutia mkono kwenye ugali kabla hajahesabu watu.

Kalamu ilinianguka.

Nyumbani kwetu hakuna aliyekula kabla baba hajahesabu. "Tuko saba. Tule." Sisi watoto tulimcheka. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kumwigiza, nakunja uso na kunyoosha kidole mpaka kaka zangu wanne wanapaliwa. Baba mwenyewe alikuwa anacheka. Tulidhani anapigia hesabu vipande vya nyama.

Zeno aliendelea, sauti imepungua. Alijua anasoma maneno ya nani, lakini angekatiza vipi mbele ya watu wote wale?

"Nina binti msomi," anasema nambari sita. "Anawauliza wazee wa watu mambo ya vita. Mimi hajaniuliza. Nadhani ananionea huruma, nami sikutaka kumharibia kazi yake. Ila wakati wa kula namhesabu, hata akiwa mbali."

Mwalimu mmoja wa Mbeya aliniinamia akanong'ona, "Huu ni ushahidi mzuri sana, mwenyekiti." Nikamjibu, "Kweli kabisa." Halafu nikatoka, nikaenda nyuma ya jiko la parokia, nikalia mpaka mama aliyekuwa anapika akaniletea kigoda bila kuuliza kitu.

Baba alikosea jambo moja tu. Haikuwa huruma.

Niliogopa. Niliogopa kusikia kwamba aliua mtu. Niliogopa atalia mbele yangu na nitashindwa la kufanya. Wazee wa watu nawasikiliza, nazima kinasa sauti, narudi nyumbani. Kwa baba ningerudi nyumbani gani? Kanuni ya nne sikuiandika kwa ajili ya elimu. Niliiandika nipate pa kujificha, na kundi zima nikalijengea humo humo.

Jioni hii, kabla sijafungua ukurasa huu, nilimpigia mama. Nilimwamkia, akaitika, nikamuuliza moja kwa moja kama ni kweli baba alikuwa ananihesabu. Alijibu kwa Kifipa, naandika hapa kwa Kiswahili.

"Kila siku. Tuko wawili tu, yeye anasema tuko watatu. Kaka zako wana nyumba zao hapa hapa kijijini, anawaona. Wewe ndiye ulikuwa huonekani. Namwambia, baba Ana, huyo yuko Sumbawanga, ana ugali wake. Anasema pakua. Basi napakua, asubuhi nawapa kuku."

Kisha akaongeza:

"Kuku wetu wamenenepa kwa ajili yako, mwanangu."

Tulicheka wote wawili. Halafu tukabaki na simu masikioni, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata.

Kesho asubuhi tunarudi ukumbini kupitisha kanuni. Nitasimama nieleze kanuni ya nne ilitoka wapi, kisha wao waamue kama inafaa, na kama mwenyekiti huyu anafaa. Sijui watasema nini. Nina hofu, ila hii angalau najua jina lake.

Jumapili naenda Msanzi. Sibebi fomu wala kinasa sauti. Mama amesema atasonga ugali wa ulezi, nami nimemwomba kitu kimoja tu: kabla hatujala, aniachie mimi nihesabu.