Risasi ya Kidole

Jumanne, 4 Machi

Nimemaliza mlango wa wale vijana wa vichekesho. Mlango usio na ukuta! Fremu, ubao, bawaba, kitasa — basi, unasimama peke yake katikati ya jukwaa. Nimekuwa seremala tangu ndevu hazijaota, sijawahi kuombwa kitu cha kipuuzi namna hiyo. Lakini nimeutengeneza. Waupige mateke watakavyo, hautikisiki. Kiongozi wao ni msichana mwenye filimbi shingoni, mimi namwita Filimbi. Kaniambia nije Jumamosi nione unavyotumika. Anasema watu ukumbini hutaja filamu ya namna gani wanaitaka, ya vita, ya mapenzi, na wao huiigiza papo kwa papo, bila kuandika chochote, ili watu wacheke. Nikamwambia mimi na kaka yangu tulizimaliza filamu zote kabla mama yake hajazaliwa. Akacheka. Sikuwa natania.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda. Kuukagua mlango, si kingine. Nikakaa mbele. Watu wakataka filamu ya farasi na bastola. Farasi ni kiti. Bastola ni kidole. Kijana mmoja mrefu kama ngazi akaingia kwa mlango wangu, akalenga, pa — mwenzake chini. Lakini alilenga dari! Nikasema, amemkosa. Sikudhani nimesema kwa nguvu. Ukumbi mzima ukacheka. Huyo Ngazi akanigeukia, akanipiga mimi. Nikamwambia, umenikosa. Akapiga tena. Umenikosa. Filimbi akapuliza, wakanipandisha juu, wakanizunguka wote na vidole vyao. Nikasimama kama nguzo. Watu walicheka mpaka wakatoa machozi. Ng'ombe hazeeki maini.

Hawajui. Mimi nimepigwa risasi za namna hiyo utoto mzima. Kila tukitoka kwenye filamu, kaka ananifyatulia njia nzima mpaka nyumbani, nami sianguki. Mama alikuwa akitoka na mwiko kutuamua. Ndiyo maana kaka akaniita Kisiki.

Jumapili, 9 Machi

Binti yangu kazisikia habari sokoni. Baba, watu wanakucheka, ati. Nikamwambia wanakata tiketi ili wanicheke, wewe nani anakukatia? Hakucheka. Kasema baba mkubwa amelazwa tena, mapafu yamejaa maji, anauliza mdogo wake yuko wapi. Nikasema nina kazi. Akaitazama karakana. Hakuna kazi.

Jumatano, 12 Machi

Sijaenda hospitali. Nimepiga randa ubao ambao hakuna aliyeuagiza, umebaki kama karatasi. Nikatoka mpaka barabarani, nikarudi. Nikatoka tena. Nilichofuata nimekisahau.

Filimbi amekuja. Anataka nipande kila Jumamosi, wao wananipiga, mimi sianguki. Akanieleza kanuni yao: mwenzako akikupa kitu jukwaani, unapokea. Akisema mvua, umelowa. Akikupiga, umepigwa. Mimi peke yangu karuhusu nikatae, kwa sababu nakataa vizuri. Nakataa vizuri! Marehemu mke wangu angelisikia hilo.

Jumamosi, 15 Machi

Filamu ya vita. Wamenirushia mabomu, wameniletea kifaru cha viti na ndege ya mwamvuli. Nikajipangusa vumbi begani. Sasa wananiita Mzee Hafi. Wamenisindikiza mpaka nje wakiliimba jina hilo. Nimefurahi — kidogo. Usingizi lakini ulikuwa wa kugaragara.

Jumatatu, 17 Machi

Binti kanishika mkono kama mtoto, tukaenda. Sikio la kufa halisikii dawa, alikuwa anasema njia nzima. Mimi hospitali sizipendi, zinanuka sabuni.

Kaka amekuwa mdogo. Yeye, aliyekuwa akiendesha lori mkono mmoja nje ya dirisha! Kitanda kimemzidi. Mguu wa meza yake ya dawa ulikuwa umelegea, nikaukaza kwa kipande cha boksi. Binti ndiye aliyemsimulia mambo ya Mzee Hafi. Kaka akanitazama weee. Kisha akatoa mkono kwenye shuka, kidole kimoja, pa.

Nikasema, umenikosa.

Akacheka mpaka akakohoa, mpaka nesi akaja. Alipopata pumzi akasema, "Kesho nitalenga vizuri."

Sasa imenibidi nirudi kesho.

Jumanne, 18 Machi

Kanikosa. Anadai kanipata begani. Tumebishana. Nesi akatuuliza, wazee wazima mnagombea risasi ya kidole? Kaka akamwambia wewe ndiye shahidi, kwani damu huioni? Nesi akasema yeye hayumo. Ni mtu mwenye akili.

Jumatano, 19 Machi

Kanikosa. Nimemwambia ajaribu kesho.

Alhamisi, 20 Machi

Kanikosa, ila mkono ulichelewa kuinuka.

Niliporudi nikamkuta Filimbi karakanani. Jumamosi ni onyesho la mwisho wa msimu. Anataka nianguke. Watu wamesubiri wiki hizi zote, anasema, nikianguka mara moja tu ukumbi utapasuka. Nikasema na upasuke. Akanibembeleza, babu hivi, babu vile. Halafu akakasirika.

"Mzee, kichekesho kisichoisha kinaoza."

Nikamwambia ni mgongo. Mgongo wangu! Unabeba mlango na fremu yake! Lakini ningemwambia nini? Kwamba kuna mtu kila siku anapata kesho yake kwa sababu mimi sianguki? Ni upuuzi. Mambo hayo siyaamini. Ila sianguki. Si kule, si popote.

Ameondoka bila kuaga. Nimefungua bawaba za kabati langu, nikazifunga tena. Hazikuwa na ubaya wowote.

Ijumaa, 21 Machi

Leo mkono haukuinuka. Kidole tu, hapo hapo juu ya shuka. Sauti haikutoka, niliona midomo. Nikasema umenikosa. Hakucheka. Akaniashiria kwa macho nisogee. Nikasogea mpaka nikasikia kifua chake kinavyokwaruza, kama msumeno butu.

"Anguka, Kisiki. Nimechoka kulenga."

Nikamwambia aache uvivu. Nikamwambia kesho. Nikatoka kwenye korido, nikashika ukuta. Nesi akaniuliza, babu, kizunguzungu? Nikamwambia nakagua ukuta wao, umepinda. Akaniletea kiti. Sikukaa.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika hapa hapa wodini, juu ya goti. Onyesho ni jioni hii. Simu inatetemeka mfukoni, ni Filimbi. Sipokei. Binti kaitwa na daktari. Alitoka akijifuta macho kwa mtandio, akaniona namtazama, akarudi ndani.

Kaka hajanywa hata maji. Tangu nifike amefumba macho. Nimemweleza kwamba mlango wangu bado haujatikisika. Nimemweleza kuhusu Ngazi, asiyejua kulenga. Nimemwambia, kaka, ungekuwa wewe kule usingekosa mtu. Nimesema mengi. Sikujua kama ninayo mengi hivyo.

Sakafu ni ya saruji, safi. Nimeiangalia. Sijui watu wanaangukaje. Ngazi huanza na magoti, halafu bega. Mimi fundi wa kila kitu, na hilo silijui! Umri huu wote sijajifunza. Na nikianguka ndiyo amenipata. Ndiyo mchezo umekwisha, kila mtu kwao. Nisipoanguka, anaendelea kulenga na kuchoka.

Simu tena.

Amefumbua macho. Ananitafuta.

Nimesimama ili anione vizuri. Naandika nimesimama, herufi zinakwenda upande. Mkono uko juu ya shuka. Kidole kimenyooka — si darini, si ukutani. Kifuani kwangu, katikati. Leo kalenga kweli. Midomo inafunguka.

Neno langu liko hapa mdomoni. Sijalisema.