Aliyesema "Mkunga Baridi"

Yanagawa, ukingoni mwa mfereji
Ijumaa, tarehe 5 Desemba

Kwa dada yangu mpenzi Natsuno,

Nakusalimu kutoka nyumbani kwangu. Niache niandike tena, maana mkono wenyewe unafurahi: nyumbani kwangu! Je, kidonda cha upasuaji kimefunga vizuri? Usingizi unaupata? Na Sayo, ameanza kukutazama usoni au bado anatazama taa tu? Mbusu miguuni kwa niaba ya mama yake mdogo. Mimi ni mzima wa afya, tena nimenenepa, kwa sababu mama mkwe wangu, Mama Fusae, anaamini kwamba bi harusi akikonda lawama ni ya jiko. Shemeji yako Shunsaku naye hajambo mwilini. Rohoni nitakueleza.

Najua Shangazi alikupigia simu kabla yangu, na najua alichokuambia, kwa sababu Shangazi hajawahi kubeba habari bila kuitia chumvi. Sasa isikie kwa mtu aliyekuwa ndani ya mashua.

Dada, laiti ungekuwepo! Siku ile mfereji ulikuwa umetulia, na mierebi ilikuwa imebakiza majani machache ya njano. Nilivaa nyeupe tupu, na ile kofia kubwa nyeupe inayofunika uso mpaka mtu anaona kidevu tu. Mama Fusae aliketi kando yangu akinishikia mkono. Na nyuma yetu, akiwa amesimama na pondo lake la kusukumia mashua, bwana harusi mwenyewe! Waendesha mashua wengine siku ya harusi yao huketi kama mabwana wakasukumwa na wenzao. Shunsaku alikataa. Alisema hakuna mtu mwingine atakayenipeleka kwake. Nilipolisikia hilo nililia hadi poda ikachirizika, wakaanza kunipaka upya. Mashua ya pili ilimbeba Baba, Mama na Shangazi. Watu walitoka madirishani na kwenye ngazi za mawe wakitupungia, na mwanamke mmoja aliyekuwa akiosha figili mbili mferejini aliziinua zote juu kama bendera.

Basi tulipokaribia lile daraja fupi la mawe, ambalo hata abiria aliyeketi lazima ainamishe kichwa, tukasikia kipaza sauti. "Rudi! Rudi nyuma!" Alikuwa Bwana Egashira, mwenyekiti wa chama cha waendesha mashua, yule mwenye hoteli ya samaki mkunga pale kwenye kona. Amesimama ng'ambo ya daraja na koti lake la chama. "Wewe Shunsaku, rudi! Mnaharibu picha!"

Picha gani? Dada, kaa kwanza. Ng'ambo ya daraja, chini ya mwerebi, kulikuwa na mashua nyingine, na ndani yake bi harusi mwingine. Bi harusi wa kukodi! Msichana wa matangazo kutoka Fukuoka, amevalishwa nyeupe kama mimi, na maua ya plastiki mkononi, anapigwa picha ya bango la watalii. Mpiga picha alilalamika kwamba mabibi harusi wawili kwenye picha moja watawachanganya watu. Kwa hiyo bi harusi wa kweli, aliyekunywa vikombe vyake vitatu vya kiapo siku hiyohiyo asubuhi, ampishe bi harusi wa uongo ambaye hata bwana harusi hana!

Na neno lenyewe alilochagua! Wewe umeolewa, unajua. Siku ya harusi kwetu hata keki "haikatwi", husemwa "inatiwa kisu". Karamu "haiishi", "inafunguliwa". Na neno "rudi" ndilo baya kuliko yote, kwa sababu mwanamke anayerudi kwao ni aliyeachika. Mashua ya bi harusi huenda na maji hadi ifike, haigeuzwi, hata mvua ikinyesha mawe. Mwenyekiti wa waendesha mashua halijui hilo? Analijua, alizaliwa nalo! Na bado alilisema kwa kipaza sauti, mbele ya mtaa mzima. Nilihesabu. Mara tisa. Kila mara mkono wa Mama Fusae ulikuwa unauminya wangu, hadi pete ikaniachia alama.

Sasa msikie mume wangu. Hakubishana. Alituelekeza tuiname, akaiingiza mashua chini ya daraja, akalichomeka pondo kwenye matope, akasimama hapohapo amejikunja, mgongo umegusa mawe, anaizuia mashua yote isichukuliwe na maji. Mbele hatukwenda kuwaharibia picha yao, na nyuma hatukurudi. Robo saa nzima, Dada! Katika nguo za harusi! Kila nilipoinua kofia kidogo kumtazama alikuwa ananitabasamia kichwa chini kama popo. Kama nilikuwa sijampenda kabla ya hapo, ningempenda palepale.

Bwana Egashira akazidi kuwaka. Ndipo kutoka chini ya daraja ikatoka sauti, nene, ikavuma kwenye mawe kama ngoma: "Rudi wewe, Mzee Mkunga Baridi!"

Mtaa mzima uliangua kicheko. Yule wa figili alikaa chini. Nawe unajua mkunga wa hapa hutoka kwenye kisanduku cha mvuke, yeye na wali wake, wa moto hadi unaunguza ulimi. Kumwambia mwenye hoteli kwamba mkunga wake ni baridi ni kumvua nguo hadharani. Tangu siku ile jina limemganda. Wateja wanafika mlangoni kwake, kabla ya kuvua viatu wanauliza, "Leo wa moto?" Watoto wa shule wanapita wakitetemeka kwa baridi ya kuigiza. Ndicho kilichomuuma, wala si picha.

Siku ya tatu baada ya harusi, tukiwa bado tunaandika kadi za shukrani, akaja na wazee wawili wa chama. Akasema kukataa amri anaweza kusamehe, kwa kuwa desturi ni desturi. Lakini kanuni ya chama inasema mwanachama atakayemtusi mwenyekiti atanyang'anywa pondo. Akauliza nani alisema yale maneno. Shunsaku aliweka kalamu chini, akainama hadi paji la uso likagusa mkeka, akasema ni yeye. Wakamtaka aombe radhi mbele ya chama. Akasema ataomba radhi siku mwenyekiti atakapoomba radhi kwa mke wake kwa zile "rudi" tisa. Wakaondoka na pondo lake. Lile la mianzi lililokuwa la marehemu baba yake, lililoingia kishimo pale anaposhika!

Nina hasira, Dada, hasira inanitoka masikioni. Wiki hii mashua za majira ya baridi zimeanza, zile zenye jiko dogo la makaa chini ya mfarishi, watalii wanakaa miguu ikiwa na joto wakila machenza. Na mume wangu, mwenye sauti nzuri kuliko waimbaji wote wa mferejini, anakwenda kila asubuhi shambani kwa mtu kupogoa miti. Akirudi hapiti njia ya majini. Anazunguka barabara ya lori. Na lile bango? Limebandikwa stesheni! Bi harusi wa plastiki anatabasamu, na nyuma yake, ukitazama vizuri chini ya daraja, kuna ncha ya kofia nyeupe. Ni yangu. Wamenisahau pichani kama takataka.

Lakini linaloniuma zaidi ni Baba. Unamjua, miaka thelathini na tano amepeleka barua za watu bila kumjibu mtu vibaya hata mbwa. Alilisikia lile tusi akiwa kwenye mashua ya pili. Alimwambia Mama kwamba mwanamume anayemtusi mtu mzima siku ya harusi yake atamtukana na mke wake kabla ya mwaka mpya. Hajakanyaga hapa. Shunsaku alimtumia mkunga aliyekaushwa na barua ya heshima. Mama akajibu peke yake. Mume wangu aliisoma ile barua mara mbili akitafuta maneno ya Baba, kisha akaikunja vizuri sana. Sitaki kukuambia jinsi alivyoikunja.

Jana nilikuwa nimeketi na Mama Fusae, tunashona mapambo ya kitambaa ya kuning'iniza, ya Sayo, kwa ajili ya sikukuu yake ya kwanza ya wasichana. Ndiyo, ya Sayo! Amesema mtoto wa dada yangu ni mjukuu wake, hivyo hayapungui hamsini na moja: nyuzi saba, kila uzi vitu saba, na mipira miwili mikubwa katikati. Yeye anashona korongo, mimi nilikuwa na kamba-mti aliyetoka kama kiatu. Bila kuinua macho kutoka kwenye sindano akasema, "Mwanangu, sauti ya Shunsaku naijua tangu alipolia mara ya kwanza. Hata akipata mafua, naijua." Kisha akaomba mkasi.

Dada, sasa nakuambia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Ile sauti ilikuwa yangu.

Usishtuke. Wewe mwenyewe ulikuwa unanicheka kwamba shuleni mwalimu wa muziki alinipanga na wavulana. Chini ya yale mawe, na kofia imenifunika uso, nani angemdhania bi harusi? Iliposikika "rudi" ya tisa niliona tu kinywa kimefunguka. Nilipotaka kusema ukweli siku ile ya wazee, Shunsaku alikuwa ameshainama. Baadaye nilimsihi. Alisema watu watasahau tusi la mwendesha mashua, lakini tusi la bi harusi wataliimba hadi wajukuu wetu wazeeke, na akaniomba nimwachie alibebe. Nami nikamwachia. Wiki tatu! Nimekula, nimelala, nimeandika kadi za shukrani, na yeye anapogoa miti. Namkasirikia Egashira, lakini kuna wakati kioo hakinitazami.

Kesho saa nne asubuhi ni mkutano wa chama. Naiacha barua hapa.

Jumamosi jioni

Nimekwenda. Sikumwambia Shunsaku, Mama Fusae alinifunga mkanda wa kimono, akaukaza hadi nikakosa pumzi, akasema ukali wa mkanda utanisaidia nisilie.

Walikuwa kama ishirini, wamekaa sakafuni na chai. Shunsaku alikuwepo, nyuma kabisa, karibu na viatu. Nilipoingia alinyanyuka nusu. Niliinama, nikasema jina langu la sasa, kisha nikasema kwamba maneno yale ni yangu na mume wangu amebeba mzigo usio wake. Mwenyekiti akasema ni uongo wa mke anayemtetea mumewe, sauti ile ilikuwa ya kiume. Basi nikavuta pumzi, kwa kadiri mkanda ulivyoniruhusu, nikasema vilevile kama siku ile: "Rudi wewe, Mzee Mkunga Baridi!" Vikombe vililia mezani.

Hata yeye akajua ndiyo hiyo.

Ungewaona! Mzee Kuwano, mcheshi wao, alijifuta machozi kwa soksi aliyokuwa ameivua. Alipoweza kusema akaomba kanuni isomwe. Ikasomwa: mwanachama atakayemtusi mwenyekiti. Akauliza kwa adabu zote kama bibi huyu ni mwanachama. Si mwanachama. Akauliza tena kama bibi ana pondo la kunyang'anywa, au achukuliwe mwiko wa wali. Bwana Egashira alikuwa mwekundu kama kaa, akasema angalau niombe radhi. Nikamwomba radhi, na sikufanya mzaha. Nilimwambia naomba radhi kwa neno "baridi", kwa sababu sijawahi kula kwake na si haki kushuhudia nisichokionja. Kwa neno "rudi wewe" nikasema nitangoja, maana yeye alinitangulia mara nane zaidi yangu.

Alizungusha kikombe. Kisha, bila kunitazama, akasema kwamba siku ile alikuwa anafikiria bango tu. Hiyo ndiyo radhi yote niliyopata, na kwangu haitoshi hata nusu. Lakini aliinuka mwenyewe, akaenda stoo, akarudi na pondo, akalitoa kwa mikono miwili.

Unadhani mume wangu alifurahi? Alitangulia hatua kumi mbele yangu njia nzima, pondo begani, hageuki! Tumefika nyumbani akasema nimemvunjia ahadi, na kwamba kunibebea lawama ndilo jambo moja tu alilokuwa amenipa ambalo mtu mwingine hajanipa. Nami nikamwambia sitaki kupewa kitu kinachomfanya baba yangu asimsalimu. Tumegombana, Dada, ugomvi wetu wa kwanza, sauti zetu zote mbili nene, mpaka Mama Fusae akafunga dirisha la upande wa majirani. Kisha katikati ya ugomvi akaniuliza, akiwa amekunja uso kabisa, "Lakini 'mkunga baridi' ulilitoa wapi?" Nikasema sijui. Akacheka hadi akaketi ngazini.

Sasa nina ombi, na ndilo lililonifanya nikuandikie wewe kabla ya wazazi. Baba ukimwambia kwa simu atajifanya hasikii. Akija kumwona Sayo wiki ijayo, mpe mtoto amshike, maana akimshika Sayo hawezi kuinuka akaondoka. Hapo msomee barua hii, yote, hata palipo na aibu yangu. Mwambie mkwe wake hajamtusi mtu. Aliyetusi ni binti yake aliyemlea mwenyewe kwa adabu. Akitaka kukasirika, akasirike na mtu sahihi, nami nitakuwa mlangoni nikimsubiri.

Msalimie sana shemeji, na umwambie aache kupika supu ileile kila siku. Mama Fusae anakusalimu na anauliza Sayo anapendelea rangi gani, nyekundu au ya zambarau. Shunsaku yuko nje gatini, anasugua pondo kwa mchanga na anaimba. Amesema nikupe salamu zake zote, na kwamba amekwisha kunisamehe, ila nisiandike hivyo bado.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Tsugumi