Mama Amekataa Vitamu Vyote

S.L.P. 63,
Usa River,
Arusha.
12 Agosti, 1998

Mpendwa mdogo wangu Stanley,

Marahaba kwa shikamoo uliyomtuma mchungaji aniletee. U hali gani huko Uppsala? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Sisi huku baridi imetukalia shingoni, mlima wenyewe hatujauona wiki nzima kwa ukungu. Watoto hawajambo. Shemeji yako Elinaza bado yuko kwenye shamba la maua, na ng'ombe wetu amezaa, dume tena.

Mama anakusalimu. Nikishasema hivyo adabu zimekwisha, maana nimekukasirikia, Stanley, na sitaki udhani natania.

Unakumbuka Krismasi ulipokuja, tukakaa sebuleni hapa Akheri, ndugu wote wamejaa wakitaka kusikia msomi wao anafanya nini kwenye maabara ya Wazungu. Mama alikuwa ametoka kukatwa ziwa, kidonda kimeanza kufunga. Ukamwambia kwa upole wako ule, huku umemshika mkono: "Mama, seli za kansa zinapenda sana vitu vitamu. Ukila vitamu unazilisha." Watu wakaitikia kwa vichwa, ukanywa chai, ukapanda ndege.

Wewe ulikuwa unasema sukari. Mama alisikia vitamu.

Basi kwanza aliacha sukari, nikaona sawa. Ziliposhika kasi mvua za El Nino akaacha ndizi mbivu, maembe na soda. Baadaye nikaona anausukuma mtori wangu wa ndizi mbichi na nyama. Nikamuuliza una nini, akanijibu kwamba nimeupika mtamu mno. Nikacheka, nikidhani ananisifu. Kumbe ndiyo sababu ya kuukataa! Nyama ni tamu, kaiacha. Maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe ni matamu, kayaacha. Chumvi ndiyo inayotia utamu kwenye mboga, nayo imepigwa marufuku. Loshoro, ile kande ya maziwa mgando aliyokuwa akiigombania na sisi tukiwa wadogo, sasa hataki hata harufu yake. Anakula ugali mkavu na mnafu uliochemshwa bila kitu, na anaushukuru mnafu kwa kuwa mchungu.

Unanielewa lakini? Kila nikijitahidi kupika vizuri, ndivyo asivyokula. Anaonja kijiko kimoja, anakaa nacho kidogo mdomoni, kikimpendeza anakirudisha. Mimi niliyesifiwa mapishi kwenye harusi zote za ukoo huu nimeanza kuunguza chakula makusudi ili mama yangu ashibe.

Na huyu baba mdogo Ephraimu amejipa cheo cha askari wa mlango. Mgeni akija na soda au biskuti anamhubiria pale pale uani kwamba Stanley amekataza. Halafu soda anakunywa yeye, eti isiharibike. Ameshanenepa kwa ugonjwa wa shemeji yake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mama yule yule alisimama foleni ya sukari miaka ile ya shida, sisi tunalala hatujui aliondoka saa ngapi, ili tunywe chai kabla ya shule. Leo duka la Lucky hapo chini limejaa sukari mpaka mlangoni, hakuna kibali wala foleni, na mwenyewe hataki kuiona.

Sasa nisikilize. Mwezi uliopita mgongo ulimzidi, tukampeleka Moshi. Wamesema imehama. Iko kwenye mifupa ya mgongo, na ini nalo wanalitilia shaka. Daktari, mama mmoja mtu mzima, alimtazama mikono, akaniuliza huyu mnamlisha nini. Nilipomweleza alivua miwani. Akaniambia hivi: "Dada, mwenye njaa hapa ni mama yako. Kansa inakula kama kawaida."

Nilikupigia simu siku ile ile pale Usa River, na wewe ukaniambia jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nataka kutupa kitu. Ukasema ni kweli, mnaliona hata maabara. Kwamba seli zikishahama kutoka kwenye ziwa zinabadili jiko. Zikifika mahali pageni zinajifunza kula cha hapo. Mkizinyima sukari kwenye vile vyombo vyenu, nyingi zinakufa, lakini ziko zinazogeukia mafuta, na mafuta yakipungua zinachukua kile ambacho mwili umejengwa nacho. Ukasema hakuna aliyewahi kuzishinda kwa kumshindisha mgonjwa na njaa. Ulieleza vizuri sana, kwa utulivu, kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

Sasa mbona sebuleni ulieleza nusu? Nusu ya kunyima ulimpa mama mbele ya ukoo mzima, nusu ya pili ukanipa mimi kwenye simu ya dukani, huku watu nyuma yangu wanaguna nimalize. Nadhani ulitaka kumpa mama kitu cha kufanya, asikae tu anangoja. Nakuelewa. Lakini wewe unamjua mama. Mtu wa kumwambia palilia kidogo, akarudi amemaliza shamba?

Nimemweleza, Stanley. Nimemweleza jikoni, kitandani, nimemweleza hata kwa Kimeru, nako sikufika mbali. Nabii hakubaliki kwao, na mimi ni muuza mitumba wa soko la Tengeru. Ananijibu, "Wee Aikaeli, wewe umesomea hizo seli wapi? Mwanangu anaziona kwa macho." Nikisema ni wewe umeniambia kwenye simu, anasema namhurumia tu ndiyo maana nadanganya. Barua nayo haisaidii, macho yake hayasomi tena, na nikimsomea mimi anasema nimechomeka maneno yangu. Kuteremka mpaka kwenye simu hawezi, mgongo haumruhusu hata kufika kanisani.

Kwa hiyo nataka urekodi kaseti. Sema kwa sauti yako, taja jina lake ajue ni wewe, umwambie ale. Usianze na seli wala maabara. Sema: mama, kula nyama, kunywa maziwa, tia chumvi, kula kila kinachokupendeza. Mtafute mtu yeyote anayekuja Arusha aibebe. Redio ya Elinaza inapiga kaseti vizuri.

Ijumaa

Barua hii niliiacha hapo juu kwa kuwa ilibidi niende sokoni, na nashukuru sikuiposti.

Jana jioni nilipika mtori kwa hasira. Nikasema potelea mbali, nikatia nyama ya mbavu, maziwa, siagi na chumvi ya kutosha, nikampelekea bila maneno. Akaonja. Akachota tena. Nilisimama pale mlangoni nimeshika mwiko, siamini macho yangu. Alikula mpaka akakwangua bakuli. Stanley, nilifurahi kama mwehu. Nikajua amenisikia hatimaye, au Mungu amemsikiliza mmoja wetu.

Nikamwambia, "Mama, leo umekula!"

Akanipa bakuli, akafuta mdomo taratibu, akasema, "Leo umepika vizuri, mwanangu. Hauna ladha yoyote."

Nikauonja uliobaki sufuriani. Ulikuwa mtamu, mdogo wangu. Ulikuwa mtamu kuliko mtori wowote niliowahi kupika.

Leo asubuhi nimemjaribu kwa chumvi tupu kwenye ncha ya kijiko. Hakukunja hata uso. Amefurahi kabisa, anasema sasa anaweza kula chochote bila kuvunja neno lako. Amekula vijiko vitatu vya uji, akachoka, akalala.

Achana na kaseti. Njoo.

Elinaza na watoto wanakusalimu. Shangazi Elizabeth anauliza kama umepata mchumba, mjibu mwenyewe. Baba mdogo Ephraimu simsalimii kwa niaba yako, utamsalimia ukifika. Mungu akufungulie njia, na akuwahishe kabla hajatuwahi sisi.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na hasira zangu zote,

Aikaeli