Maziwa ya Penina

Falealili, Samoa
Jumapili, 11 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Lagimaina,

Anayekuandikia ni Manuele, bingwa wa maziwa ya mama katika visiwa vyote vya Samoa. Usicheke. Raga ilinishinda, shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini kwa maziwa hata manesi wananiamkia. Habari za Auckland? Baridi imepungua? Na lile goti lako, bado linakusumbua kanisani? Huku sote tu wazima, isipokuwa wawili, nami nitafika kwao.

Pampu uliyotutumia ilifika salama. Ilikuja wakati wake, maana Penina amezaliwa njiti, kilo moja na nusu, na mpaka leo analala kwenye kisanduku cha joto hospitali mjini. Mke wangu Fetuao alipasuliwa, akarudishwa nyumbani kidonda kipone. Basi yeye anakamua, mimi nasafirisha. Wiki ya tatu sasa, kila asubuhi napanda basi na boksi la barafu mapajani. Abiria wakiniuliza nimebeba nini, nasema samaki.

Umeniandikia kwamba mkweo Meleane anarudi kiwandani na unataka kujua tuliyojifunza. Umemuuliza bingwa mwenyewe. Mwambie aanze na sabuni, mikono na vyombo vyote vya pampu. Akamue mara nane kwa siku, na moja iwe usiku, hata usingizi ukimtukana. Titi ni kama kisima, usipochota linaona huna shida na maji. Na pampu isimuume. Fetuao alivumilia siku tatu akidhani ndiyo malipo ya umama, mpaka chuchu ikatoka damu, kumbe kikombe cha pampu kinachoshika titi kilikuwa kidogo kwake. Tulipobadilisha, kwisha.

Kabla ya kukamua, kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akande titi taratibu. Yakigoma, anuse nguo ya mtoto. Mimi humletea Fetuao kofia aliyoivaa Penina, akiinusa tu yanatiririka. Siku ya kwanza nikamwambia, "Mke wangu, ningejua kofia inatosha, nisingewapelekea wazazi wako nguruwe mzima." Akanirushia kandambili. "Toka hapa, domo kama mlango wa kanisa! Usinichekeshe, mshono utafumuka!"

Kwenye mifuko atie kidogo kidogo, aandike siku na saa. Kwenye friji aweke nyuma kabisa, si mlangoni, na siku nne zisipite. Asipashe kwenye maikrowevu, yanaunguza mdomo wa mtoto huku mfuko ukiwa baridi. Auweke mfuko kwenye bakuli la maji ya moto, basi.

Sasa Penina. Tangu Alhamisi tumbo lake limevimba, ngozi inang'aa, anatapika kijani. Wamesimamisha maziwa, wamemtundikia dripu kwenye mguu usiozidi kidole changu gumba. Daktari ameniuliza mara tatu maziwa yalitunzwaje. Mara tatu nimejibu, vizuri, daktari. Nasimama nje ya kioo cha chumba chake nahesabu pumzi zake, na ikichelewa moja, ya kwangu nayo inakwama. Shangazi, sijawahi kuogopa hivi. Hata bahari iliponichukua utotoni sikuogopa hivi.

Fetuao naye ameifunga pampu kwenye kanga, kaisukumia chini ya kitanda. Anasema maziwa yake ndiyo sumu. Tangu jana titi la kushoto limekuwa gumu, jekundu, homa imepanda. Mama anamsihi, "Kamua, mwanangu, hata umwage nje, utaugua na wewe!" Anageukia ukutani. "Nimkamulie nani, Mama? Wangu nimeshamlisha sumu."

Barua hii naipeleka kwa mkono wa mchungaji anayeruka kuja huko kesho, maana kwenye simu Fetuao huwa kando yangu. Nisalimie Meleane, mjomba Pita na watoto wote. Mungu awafunike kwa mkono wake mmoja, na wa pili auache huku kwetu.

Kuna sheria moja sikuiandika hapo juu. Maziwa yaliyoganda yakishayeyuka, hayagandishwi tena.

Jumatatu tulimzika bibi Siaina. Nyama za msiba zikaletwa gari zima, Baba Mkubwa Tanielu akapaza sauti mbele ya wageni, "Manuele! Toa hivyo vifuko vyako kwenye friza, ng'ombe anaharibika!" Kijana ambaye ukoo haujampa jina la uchifu habishani na mkubwa. Ningeweza kusema ni nini. Lakini dada yangu Ianeta alikuwa amesimama pale pale, na unajua kwetu mtu hataji titi mbele ya dada yake, hata liwe la mkewe. Nikaona haya. Nikaitia mifuko kwenye ndoo ya barafu nyuma ya jiko, nikaitwa kugawa chakula, nikagawa mpaka jioni. Niliporudi, barafu ilikuwa maji na maziwa yalikuwa maji. Mifuko kumi na minne ya akiba. Nikairudisha kwenye friza.

Jumanne nilipoifikisha hospitali, nesi akauliza kama yaliyeyuka njiani. Nikamcheka, nikamwambia haya ni mawe, dada.

Maziwa ya Fetuao hayakuwa na kosa lolote. Kosa ni langu, Shangazi, na mpaka naandika hapa sijamwambia yeye wala daktari.

Mwanao anayekupenda,
Manuele