Ugali Niliouficha Chini ya Kitanda

Marahaba, Bhoke mjukuu wangu.

Wengi hukosea kudhani kinga ya mwili inatoka kwenye kopo la vidonge. Tumeshusha pumzi: uvimbe wa bibi yako si saratani. Unauliza kama umtumie vidonge vya antioksidanti, vile viini vinavyosaidia kulinda chembe za mwili.

Nilipokuwa mwalimu kijana kijijini Mbalibali, muuguzi kutoka Songea alinitembelea. Kwa aibu nikauficha ugali mwekundu wa wimbi, yaani ulezi, chini ya kitanda, nikampikia mweupe wa mahindi, ulioonekana wa heshima zaidi. Akanusa, akacheka. "Mwalimu, ule mwekundu unamfichia nani?" Akaula wote.

Muuguzi huyo ndiye bibi yako. Antioksidanti zimo kwenye ganda lile jekundu la punje. Hazizuii kila ugonjwa, ila zinasaidia.

Vidonge usitume; bibi yako bado anakula ugali ule ule. Leo nawe songa ugali wa wimbi, uule.

Babu